Mgongoni mwa Bahasha ya Gesi

Bahasha ya gesi, mgongo wake mweupe.
Peni ya kazini, ina jina la kampuni ya lifti.
Juu kabisa nimeandika: pauni mia mbili na arobaini.
Nikapiga mstari chini yake, kisha mwingine,
kama anayemfunga mbuzi kamba mbili
kwa sababu jana alikula mchicha wa jirani.

Kompyuta iko chini ya meza, inahema.
Niliinunua kwa kijana mmoja wa Stockton
aliyekuwa anahamia kwa mchumba wake,
nikaipakata kwenye basi hadi Middlesbrough kama mgonjwa.
Miaka saba. Ilikuwa shujaa.
Siku hizi nikikata kona na lori langu
barabara inakuja baadaye:
kwanza gurudumu, kisha lami, kisha miti, mmoja mmoja,
kama waalikwa wa harusi waliotajiwa saa ya uongo.

Nimeanza na kadi ya picha. Kila mtu huanza na kadi.
Ya mkono wa pili, mia na sitini, mwenyewe yuko Redcar,
anaapa haijawahi kuchimba sarafu za mtandaoni,
na anayeapa kabla ya kuulizwa, mimi namjua.
Haya, tuseme kweli.
Lakini kadi ni bibi harusi, haji peke yake.
Anataka umeme wa wati mia sita na hamsini;
wangu mia nne, tena wa jina lisilosomeka.
Andika hamsini na tano.
Ni mrefu, kichwa kinagonga kizimba cha diski.
Andika kasha jipya, arobaini.
Na prosesa yangu, mzee wa viini vinne,
hawezi kumlisha, atabaki kumtazama tu.
Prosesa mpya haikai kwenye bodi ya zamani,
bodi mpya haitaki kumbukumbu za zamani,
na nilipofika ukingo wa bahasha
nilikuwa nimeoa ukoo mzima
kwa pauni mia tano na tano
na dawa ya kupoza sijanunua.

Dada yangu Bishara, yuko Swindon, kampuni ya malori ni yetu wawili,
yeye ndiye mkurugenzi, alisema kwenye simu:
"Shusha picha hadi chini. Miti ya nini?
Unapeleka mbao au unatalii?"

Sikumjibu.
Mchana kutwa nimo ndani ya mashimo ya lifti,
tochi kichwani, grisi hadi kwenye kiwiko,
ukuta unapanda, ukuta unashuka.
Mimi nataka miti.
Nataka na mvua kwenye kioo, tone kwa tone, hata kama ni ya uongo,
na hata kama ya kweli ipo bure dirishani.

Mkasi akapita na kikapu cha nguo, akaigeuza bahasha.
"Mume wangu, hii hujaifungua."
Akaichana yeye. Themanini na nane.
Nikatoa. Mia na hamsini na mbili.
Tukanyamaza kama watu ndani ya lifti iliyokwama.

Jumapili nikafungua ubavu wa kasha kwa bisibisi ya kazini.
Vumbi lilikuwa limejikunja mle ndani kama paka.
Nikalitoa kwa brashi ya rangi, feni baada ya feni,
nikakuta skrubu mbili zisizo za humo
na ushanga wa bluu ambao binti yetu
aliulilia mwaka juzi hadi akalala.
Kisha kumbukumbu tu, vijiti viwili vilivyotumika, pauni ishirini na nne.
Zilizobaki nimeziandika kwenye bahasha ya maji.
Hiyo niliifungua kwanza.

Ijumaa usiku miti ilikuja kwa wakati, karibu yote.
Darajani picha ikaganda.
"Umefika wapi?" akauliza Bishara.
"Nipo," nikasema. "Natazama mto."